Projekta na sufuria ya chai

Jumamosi niliingia duka moja hapa Voi kutafuta chaja, nikawakuta mume na mke kutoka Mbololo wakichagua projekta ya nyumbani. Mbili zilikuwa kwa kaunta. Ya bei ghali iliwashwa mlango ukiwa wazi, jua likiwaka, na picha ikaonekana vizuri ukutani. Ya bei rahisi ilibidi muuzaji afunge mlango kwanza ndipo tuone kitu.

"Tuchukue hii," mume akasema, mkono juu ya ile ghali. "Hata nje tunaweka, mpira unajaa ukuta mzima."

"Na majirani wakiona huo mwangaza?" mke akauliza.

"Si watakuja tu waangalie."

"Kwetu mtu haketi bila chai. Nani atapika?"

"Nitapika mimi," mume akajibu haraka.

Mke hakumtazama. Aliisukuma ile rahisi kwa muuzaji. "Tufungie hii. Chai ya huyu naijua, huishia mikononi mwangu."

Wauzaji hutueleza mwangaza, sauti na betri. Sijasikia hata mmoja akimuuliza mteja sufuria ya chai nyumbani kwake inatosha watu wangapi.