Mashine Niliyoifungua Mara Tatu

Mie duniani hapa hakuna cha kunishtua. Nililisema hilo siku ya kwanza nilipoingia chumba cha kupimia moyo, tena kwa sauti, wauguzi wasikie. Mtu aliyetoka bara na darasa la saba na bisibisi moja, akafungua karakana ya redio na runinga Manzese, akajenga nyumba tatu bila mkopo, atashtuliwa na nini?

Hospitali yenyewe ni ya binafsi, huko Temeke. Mashine yao ya kupimia moyo ilikufa, mafundi wa mjini wakashindwa, mie nikaifufua kwa siku moja. Mganga mkuu akaniuliza kama ningependa kujifunza kuitumia, maana mpimaji wao alikuwa mmoja tu. Nikavaa koti jeupe na miaka yangu arobaini na nane.

Mpimaji huyo alikuwa binti, umri wa mwanangu wa pili. Asubuhi ananiamkia shikamoo, kisha ananifundisha: vibandiko sita kifuani, klipu nne mikononi na miguuni, mgonjwa asiongee. Karatasi inatoka na vilima, kimoja kila pigo la moyo. Wenye vyeti husomea miaka. Mie wiki moja ilinitosha.

Ila fundi haanzi kazi bila kujaribu chombo. Kila asubuhi, kabla wagonjwa hawajaingia, nilikuwaga najilaza kitandani, najifunga nyaya mwenyewe, nabonyeza. Wiki ya pili karatasi ikatoka kilima, kilima, kisha tambarare ndefu, ndipo kilima kingine. Nikajua kuna waya umeachia. Nikaifungua, nikachomelea upya viungo viwili. Wagonjwa wa siku ile wote wakatoka sawa, nikajipongeza.

Kesho yake tambarare ikarudi, ndefu zaidi. Nikaifungua tena, nikabadilisha kebo. Wagonjwa sawa, mie tambarare. Nikamweleza binti kuwa ubovu huu unakuja asubuhi tu, kabla mashine haijapata joto. Akaniuliza taratibu kama nasikia kizunguzungu. Nikacheka. Sikumwambia kwamba nikipanda ngazi za daraja la waenda kwa miguu pale Manzese nashikilia chuma mpaka macho yarudi. Hiyo niliiita njaa.

Siku ya tatu alinikuta mashine iko wazi, skrubu zimetapakaa mezani. Akaniomba niifunge. Kisha akapanda kitandani yeye, akasema nimwekee klipu za mikono na miguu tu. Karatasi yake ilitoka vilima vimepangwa kama matofali.

"Sasa wewe, baba."

Nikajilaza. Nikasikia mashine ikisukuma karatasi, na kifuani mwangu kimya. Nikahesabu moja, mbili, tatu. Ndipo moyo ukapiga kwa kishindo, kama mtu aliyesukumwa mlangoni.

"Mashine ni nzima, baba. Siku zote hizi ilikuwa nzima."

"Angalia klipu ya mkono wa kulia."

"Nimeiangalia. Ungekuwa kijana mwenzangu ningekwambia tangu juzi. Nilikuonea haya. Sasa usinyanyuke, hata kukaa usikae."

Akavuta droo. Karatasi nilizotupa kwenye pipa alikuwa ameziokota zote, amezinyoosha, amezipanga kwa tarehe. Hata asiyesoma angeona tambarare zinavyorefuka.

Mganga mkuu akaja, akazisoma moja moja. Aliongea na binti, si na mie, kama vile mie ni mzigo tu. Wakaniingiza kwenye gari la wagonjwa. Njia nzima binti alinishika mkono, vidole kwenye mshipa, hakuuachia, na kila moyo ulipokawia nilimwona akiacha kupumua.

Hospitali kubwa ya mjini walinipachika betri ndogo ya kuupigisha moyo, chini ya mfupa wa mtulinga. Bima sikuwa nayo, nilisemaga ni ya waoga. Betri, kitanda cha siku sita, dawa na lile gari: shilingi milioni tisa, laki mbili, elfu themanini na tano na mia tano.