Ua la Mwambani Ndani ya Mkebe

Mimi ni mwoga, niseme mapema. Naogopa polisi, naogopa simu inayolia alfajiri, na tangu nizaliwe namwogopa mama. Kwa hiyo mama alipohamia kwangu Makadara, Nairobi, kutoka kisiwani kwao ziwani, akiwa na mtoto wa jicho macho yote mawili, moyo uliochoka, na ua moja ndani ya mkebe wa mafuta ya kupikia, nilianza kuliogopa na ua.

Majani yake yalikuwa manene, yana vinyweleo, na maua yake yalikuwa madogo, ya zambarau iliyokolea. Lilimea mahali pamoja tu, mwambani juu ya boma lao. Huo mwamba ukavunjwavunjwa kwa ajili ya kokoto za barabara, na mama aliwahi kung'oa shina moja kabla mashine hazijafika. Kwao mwanamke hazikwi bila ua hilo kifuani. Mama yake alizikwa nalo, na nyanya yake pia.

"Langu ndilo hili," akaniambia, akinikabidhi mkebe. "Likifa, usinikaribie."

Hayo ni maneno ya kumwambia mtu mwoga kweli?

Nililiweka kwenye veranda, lipate jua la asubuhi tu. Nililinywesha maji ya pipa yaliyokaa siku mbili, maana ya mfereji yana dawa nyingi. Paka akipita nilimrushia ndala. Na kila asubuhi mama aliniuliza kutoka kitandani, "Ua halijambo?" Nami nilijibu, "Halijambo, mama."

Baridi ya Julai ikaingia, ile ya kuoga kwa kujilazimisha. Siku moja nikakuta jani limegeuka manjano. Kesho yake matatu. Mungu wangu! Nililihamishia jikoni karibu na jiko, nikalifunika leso, nikaliongezea maji, halafu nikaogopa nimeyazidisha nikayakata kabisa. Nililibembeleza kama mtoto mwenye homa. Wapi! Wiki ya tatu lilibaki shina tupu, kisha shina nalo likalala.

"Ua halijambo?"

"Halijambo, mama."

Mara ya kwanza uongo ule ulinikwama kooni. Baada ya siku kumi ulikuwa ukiteremka kama chai.

Jirani yangu wa mlango wa pili, mwanamke asiye na siri wala subira, aliuchungulia mkebe akasema, "Hiyo imeenda, mathe. Mwaga tu." Nikamwaga. Kila kitu, udongo na vyote, ndani ya gunia la taka, na Alhamisi mkokoteni ukalichukua. Siku hiyohiyo nilikwenda kwa wauza miche wa Jogoo Road nikatafuta ua la zambarau lenye majani ya vinyweleo, nikalipanda kwenye mkebe uleule. Nilijiambia, macho ya mama ni ya kuona kivuli tu, atajuaje?

Jumapili akaniambia nimletee ua alishike.

Nikalibeba hadi kitandani kwake. Akapapasa jani moja, akalinusa, akaurudisha mkebe mikononi mwangu.

"Hili la wapi?"

"Si ni lile lile, mama."

"Usinifanye mjinga. Langu liko wapi?"

Nikalia kama mtoto aliyevunja chungu. Nikamwambia lilikufa kwa baridi, majani yakadondoka yote, nikalitupa.

"Na kiazi chake?"

"Kiazi gani, mama?"

Akanieleza polepole, kama mtu anayemfundisha mtoto kufunga viatu. Kila mwaka baridi ikija ua hilo hudondosha majani, likalala ndani ya kiazi kidogo kama ncha ya kidole gumba. Haliguswi, halinyweshwi. Mvua ikija linaamka. "Kila asubuhi nilikuuliza nikingoja uniambie limedondosha majani, nikueleze. Ukaniambia halijambo. Nikasema pengine huku Nairobi limekataa kulala."

Nilikaa chini sakafuni. Nilipokuwa nikimwaga ule udongo nilikiona hicho kitu. Nilidhani ni jiwe.

Nilimfuata mwenye mkokoteni hadi mahali anapomwaga taka. Nilichokora kwa mikono siku nzima, watu wakinitazama, nikarudi na kucha zilizopasuka na viazi viwili, vyote vya kupika.

Mama hakufoka. Angefoka ningepona. Alinipapasa uso na kuniuliza, "Mwanangu, mimi nakutisha kiasi hicho?"

Nilitaka kusema hapana. Lakini uongo ulikuwa umeshatugharimu, nikasema ndiyo, nakuogopa, na kukukosa naogopa zaidi.

Mkono wake ukabaki shavuni pangu.

"Basi mtanizika hivyo hivyo," akasema.