Unga wa Sarepta

Juzi nilimpeleka binti yangu kuulizwa maswali ya kuingia gredi ya kwanza. Shule ni ile ile niliyosoma mimi, rafiki yangu, ila siku hizi imehamia Komarock, ina ghorofa na bustani ya maua. Jina halijabadilika: Sarepta. Enzi zetu ilikuwa vyumba vya mabati huko Kayole, nyuma ya ploti za kukodisha, na mvua ikinyesha Mwalimu alilazimika kupaza sauti mpaka mishipa ya shingo inamsimama.

Mwalimu ndiye aliyeianzisha, na alitufundisha Kilatini sisi watoto wa vibarua. Majirani walicheka wakauliza Kilatini kitatupikia nini. Yeye hakujali. Alitukaririsha, akatufunza kubishana kwa hoja, na juu ya ubao aliandika: Kuuliza si ujinga. Sarepta, alituambia, ndiko alikokaa yule mjane wa kwenye Biblia aliyebakiwa na konzi moja ya unga, akampikia nabii mgeni kwanza, na unga wake haukuisha hadi mvua iliporudi. Kwa hiyo kila Jumatatu kila mtoto alileta kikombe cha unga, tukaumimina kwenye mkebe mkubwa mlangoni, na huo ndio ulikuwa uji wetu wa wiki. Mpaka leo nikisikia harufu ya uji na moshi wa makaa, Kilatini kinanijia mdomoni chenyewe.

Nyanya yangu, aliyenilea, alilipenda jina hilo kuliko mimi. Kila jioni akikatakata sukuma wiki za kuuza, alitaka nimsimulie tena habari za mjane. Basi Jumatatu moja akakung'uta mfuko wetu wa unga, akanijazia kikombe, asibakishe hata wa kubandika sufuria. Akaniambia niende nao, huo hauishi. Jioni tulikunywa strungi, chai isiyo na maziwa, tukalala. Kesho yake vilevile. Nyanya alikuwa akifungua mfuko, anachungulia, anaufunga.

Ijumaa ikawa siku ya wazazi. Mimi ndiye niliyechaguliwa kueleza maana ya jina, kwa Kilatini kisha kwa Kiswahili. Nikaeleza, nikapigiwa makofi, kichwa kikanivimba. Mwalimu akauliza kama kuna mzazi mwenye swali. Nyanya akasimama, na ile leso yake ya kazi yenye madoa ya mboga.

"Mwalimu, unga wa yule mama haukuisha. Wangu uliisha Jumatatu ile ile. Nilikosea wapi?"

Wee! Mtu mmoja akacheka nyuma, kisha chumba kizima. Nilitamani ardhi ipasuke inimeze. Makofi yote yale, na sasa kila mtu anajua kwetu hakuliki. Nikakodolea macho vidole vya miguu yangu, masikio yakiwaka moto. Lakini Mwalimu hakucheka. Alivua miwani, akangoja mpaka kicheko kikaisha.

"Hukukosea, Mama. Sisi ndio tulikula tukanyamaza."

Tangu hapo unga uliingia Jumatatu, na Ijumaa uliobaki ukatoka, Mwalimu mwenyewe akiubeba kwenda nyumba iliyokaukiwa, bila kutangaza. Kwetu ulifika kwanza. Nyanya aliupokea kwa mikono miwili, akanigeukia: si alisema hauishi? Alikufa akiamini wale watu walicheka kwa kufurahi pamoja naye.

Sasa juzi, pale ofisini, nikaona wameandika ukutani kwamba Sarepta ni mahali pa kuyeyushia na kusafishia madini. Ni kweli, ndiyo asili ya neno. Mjane hayumo. Mwalimu mgeni, binti nadhifu, mchangamfu, akasikia kwamba nilisoma hapo, akaniomba mbele ya wazazi wenzangu nimwambie mtoto maana ya jina letu. Walikuwa wamevaa vizuri wale wazazi, funguo za magari mikononi. Nikaiona akilini ile leso ya Nyanya. Mdomo ukafunguka.

"Mahali pa kusafishia dhahabu," nikasema.

Akasema sawasawa kabisa. Aibu ikanipanda, ile ile ya utotoni, ila safari hii si Nyanya aliyeniaibisha. Mwalimu alishakufa, mabati yalishang'olewa, na mlangoni palipostahili mkebe pana zulia la kupangusia viatu.

Mtoto amepata nafasi, anaanza Jumatatu. Hakuna aliyetuambia alete unga, nami sikuuliza.