Mkono Uliofutwafutwa

Mtaa mzima ulimwita Chapuchapu. Fundi wa fremu yule alikuwa hakai kitako: ukimwachia picha ukienda sokoni, ukirudi unaikuta imeshavaa kioo. Lakini mchoro wa penseli alioleta mwalimu mmoja mstaafu ulimshinda. Siku ya tatu ulikuwa bado mezani.

Ulimwonyesha mwanamke akipiga kinanda, mgongo umeinama kidogo, kisigino kimechomoka kiatuni. Shingo ilikuwa mistari michache tu, ila Chapuchapu angeweza kuapa kwamba mama yule amebana pumzi. Mkono wa kushoto ulitulia juu ya vibonye. Wa kulia ulikuwa wingu la kijivu: umechorwa, ukafutwa, ukachorwa tena, hadi karatasi imeota manyoya.

"Mchoraji kaboronga," alimwambia dada yake, mshonaji wa chumba cha pili, huku akiizunguka meza. "Nitakata kadibodi ya pembeni iufunike huo uchafu."

"Si ukate basi! Unanitia kizunguzungu."

Akakata. Akaweka, akatoa. Akafagia palipokwisha kufagiwa. Bila mkono ule, mwanamke alionekana amekaa tu mbele ya samani. Akaweka tena. Moyo ukagoma.

Mwalimu alikuja na mkewe. Mkono wa kulia wa mama yule ulitetemeka juu ya mkoba, hautulii hata kidogo. Chapuchapu akautazama mchoro, akamtazama tena mama: ni yeye. Pale mezani, kadibodi ilikuwa imeuficha mkono.

"Nisamehe, mama. Nilidhani ni kosa."

"Hata mimi nilidhani hivyo," mama akacheka. "Kumbe mwenzangu huyu alikuwa anaukimbiza kwa penseli. Mimi napiga, yeye anafuta. Mchana kutwa!"

"Hukusimama hata mara moja," mwalimu akalalamika.

"Ningesimamaje, baba? Si ulitaka mpiga kinanda?"

Chapuchapu akachukua kisu, akakata kadibodi nyingine palepale, yenye dirisha pana. Wingu la kijivu likatokeza. Mama akainama, akalitazama kwa muda mrefu.

"Bado unapiga?" fundi aliuliza, swali limemponyoka.

"Vibaya mno. Njoo Jumapili usikie mwenyewe."

Alikwenda. Noti zilikosewa, zikarudiwa, zikakosewa tena, na mama hakuacha. Mwalimu alimsogezea mgeni kiti mara mbili. Chapuchapu alisikiliza wimbo wote akiwa wima mlangoni, mkoba wake wa zana kifuani, hawezi kuketi wala kuondoka.