Mchoraji wa Songea aliyechoshwa na 'volkano' ya Matogoro

Saa mbili asubuhi, Lidwina Luambano amesimama juu ya meza mbili zilizobebana, katika ukumbi wa chakula wa nyumba moja ya wageni mtaa wa Majengo, mjini Songea. Mkono wa kushoto umeshika kopo la rangi nyekundu. Wa kulia umeshika brashi, lakini brashi yenyewe haijagusa ukuta kwa robo saa nzima.

Chini yake wageni wawili wanakunywa chai kwa chapati. Mmoja, aliyeingia jana kwa basi la Tunduru, anamwonyesha mwenzake ukuta kwa kidole.

"Kumbe Songea kuna volkano," anasema. "Ona inavyofuka."

Lidwina anafumba macho. "Umesikia mwenyewe, mwandishi," anasema bila kugeuka. "Huyo ni wa nne tangu juzi."

Ukuta huo una urefu wa hatua kumi na mbili, na amekuwa akiuchora kwa wiki tatu. Ameweka mji wa Songea ukiwa chini ya milima ya Matogoro, katika majira manne, kuanzia kushoto kwenda kulia. Mwanzoni ni Januari: lami imelowa, majani yamefika kiunoni, kina mama wamepanga uyoga kando ya barabara. Halafu Juni inaingia na ukungu wake, kiasi kwamba jengo moja la mjini la enzi za Mjerumani linaonekana bati tu, na watoto wanakwenda shule wamejikunyata ndani ya masweta.

Septemba miti ya miombo imetoa majani machanga mekundu. Hata hayo yalimletea maneno. Mteja mmoja wa chai alimfuata kumweleza kwamba majani mekundu yako Ulaya.

"Mtu amezaliwa hapa, amekulia hapa, kila Septemba anapita chini ya miti hiyo," anasema Lidwina. "Hajawahi kuinua kichwa. Leo ananifundisha mimi rangi ya majani."

Lakini kilichomfikisha mwisho wa uvumilivu ni Oktoba, kipande cha kulia kabisa. Hapo miteremko ya Matogoro ni myeusi na moshi unapanda sehemu tatu. Ni moshi wa moto wa kusafishia mashamba, moto ambao kila mwaka hutoroka na kuingia msituni.

"Oktoba hapa ukianika shuka jeupe asubuhi, jioni unalianua lina masizi," anasema. "Wote tunalijua hilo. Ila moshi ukiwa kwenye picha, basi umekuwa volkano."

Aliyeanzisha jina hilo ni mwenye nyumba, Mzee Pankrasi Ngonyani, dereva mstaafu wa malori mwenye miaka 68. Majengo yote wanamjua kwa kofia yake ya pama yenye unyoya wa kanga, kofia asiyoivua hata akiwa mezani. Mwaka juzi alikwenda Arusha kwenye harusi ya mpwa wake, akaonyeshwa Mlima Meru na kuambiwa kwamba zamani ulitema moto. Tangu hapo anaona Songea imepunjwa.

"Kwanza aliniomba theluji," anasimulia Lidwina. "Nikamwambia mzee, theluji Matogoro italetwa na nani? Akanielewa. Alipouona moshi akafurahi kama mtoto. Sasa anataka moto juu ya vilele vyote vitatu."

Moto huo unatakiwa uwe umekauka kabla ya Jumamosi, kwa sababu kuna maharusi watakaopigwa picha mbele ya ukuta. Lidwina akikataa, Mzee Pankrasi amekwisha kusema atamwita Muhsini, fundi wa kuandika mabasi, ambaye kwake kazi hiyo ni ya saa moja. Moto utawekwa na Muhsini, lakini jina lililoandikwa pembeni ya picha ni la Lidwina.

Jina hilo ndilo linalomnyima raha. Ana miaka 44, mama wa watoto wawili, na amekuwa akishika brashi tangu alipomaliza kidato cha nne. Ukipita mitaani utasoma kazi zake bila kujua ni zake: "Nyumba hii haiuzwi", "Usikojoe hapa", "Mashine ya kukoboa na kusaga". Siku nzuri hupata shilingi elfu ishirini. Masika, kuta zikiwa mbichi, wiki inaweza kukatika bila kazi.

Picha za ukutani huzichora kwenye baa na hoteli, na huko wateja wote huagiza kitu kimoja.

"Nimechora Kilimanjaro mara kumi na moja," anasema. "Mimi sijafika hata Dodoma. Ninaiga kalenda. Mlima ninaouona kila nikifungua dirisha, hakuna aliyewahi kuniomba."

Ukuta huu ulikuwa wa kwanza kuachiwa achore anachotaka, na wa kwanza kuutia jina.

Oktoba ile hakuichora kwa ajili ya mapambo. Baba yake, Mzee Romwaldi, mwenye miaka 79, alikuwa mfuga nyuki kwenye miteremko hiyo kwa zaidi ya nusu ya umri wake. Miaka mitatu iliyopita moto wa shamba ulipanda kutoka chini, ukala mizinga yake kumi na miwili kati ya kumi na mitano. Lidwina alipomfikia alimkuta amekaa chini, ameshika mfuniko wa mzinga ulioungua, viganja vyote ni masizi. Hajapanda tena mlimani tangu siku hiyo.

"Niliuchora ule moshi kwa hasira," anasema. "Nilitaka mtu akinywa chai yake hapa aone tunachokifanya."

Wiki iliyopita alimleta baba yake auone ukuta. Mzee aliwekewa kiti, akatazama Oktoba kwa muda mrefu, kisha akaonyesha kwa fimbo mahali mizinga yake ilipokuwa. Hakukosea. Ndipo mgeni mmoja akamsogelea kwa adabu, akatoa shikamoo na kumuuliza kama volkano ile iliwahi kuua.

"Baba akamjibu, 'Imeua nyuki,'" anasema Lidwina. "Mgeni akacheka. Alidhani mzee anatania."

Hapo, kwa mara ya kwanza asubuhi hii, anaiweka brashi chini.

Mzee Pankrasi haoni ubaya wowote. Akiwa mlangoni mwa jiko anaeleza kwamba wageni wanapenda kitu cha ajabu, na kwamba yeye si mgeni wa Matogoro, kwani ana ekari mbili kule juu.

Mwandishi anamuuliza husafishaje shamba lake.

"Nachoma," anajibu. "Kidogo tu. Kila mtu anachoma, mwanangu. Ila moto wangu mimi hauendi mbali."

Juu ya meza, Lidwina anamtazama mwandishi, halafu anaitazama ile kofia.

Mzee akisharudi jikoni, Lidwina anaeleza mpango wake. Kabla mvua hazijaanza anataka kuomba ukuta wa nje wa shule moja karibu na mlima, achore majira yale yale manne, na baba yake awaelekeze watoto mizinga ilining'inia kwenye miti ipi. Kwanza, hata hivyo, ni lazima aumalize huu.

"Mzee ameomba moto, nami nitampa," anasema. "Ila si kileleni. Moto hauanzii kileleni."

Anashuka kwenye meza, anapiga magoti mwisho wa ukuta, chini kabisa ya moshi wa tatu, penye mabua makavu ya mahindi. Anachomoa penseli nyuma ya sikio. Kwanza anachora mgongo wa mtu aliyeinama, halafu mkono wenye kiberiti. Uso hauchori, kwa kuwa mtu mwenyewe ameinama.

"Fundi," Mzee Pankrasi anaita kutoka jikoni, "moto umeanza?"

"Naam, mzee," anajibu Lidwina. "Namtanguliza aliyeuwasha."

Anachora ukingo wa kofia, mpana. Kisha anainoa penseli na kuanza kuchora unyoya.