Nilimnyima Chai Nikidhani Ni Pepo Anayeomba

Nimekosa, jamani. Nimekosa na sina wa kumsingizia. Mume wangu alikuwa mgonjwa, mimi nikamwita mlevi, kisha nikasema ana mapepo.

Tunaishi Donholm. Yeye alikuwa akiendesha mashine ya kukata mabati huko Industrial Area. Ilianza asubuhi asubuhi, kabla hajatia kitu tumboni: kijasho chembamba kinamtoka, macho yamelegea, maneno hayashikani. Akishakula tu, mtu mzima tena! Nikajiambia, huyu bado ana pombe ya jana kichwani. Nikipekua suruali zake napata peremende kila mfuko. Za kuficha harufu, nikasema, nikazitupa zote. Kumbe maskini alikuwa amegundua mwenyewe kwamba zinamsaidia, ila hakujua kwa nini.

Asubuhi moja akanitazama akaniuliza, "Wewe ni nani?"

Hapo nikaona hii si pombe tena. Nikaita akina mama wa kikundi chetu cha maombi. Tukaamua afunge, asionje chochote ila maji, mpaka mapepo yatoke.

Kesho yake akaanza kutetemeka, akaniomba: "Mama Brayo, nipatie tu chai. Hata ya rangi, bora uweke sukari mob, vijiko vingi."

Mimi huyo, mkono juu: "Si yeye anayeomba, ni pepo! Msimpe!"

Tukaimba kwa nguvu zaidi. Ole wangu! Tuliimba mpaka akaanguka, akapigapiga miguu sakafuni, kisha akazimia.

Hospitalini muuguzi alimdunga kidole akapima, akashtuka. "Sukari imeisha mwilini! Huyu amekula lini?"

Nikamwambia tulikuwa tumemfungisha tangu jana.

Alipopata nguvu kidogo, daktari akasema anataka kumfungisha tena, wakimpima damu kila mara. Nilipiga kelele wodi nzima ikageuka.

"Mama, tulia," akaniambia. "Akikaa njaa ndipo tutajua kinachomaliza sukari. Lakini sisi tuna dripu ya glukosi hapa kando yake."

Majibu ya damu yakawatia shaka, na picha zikaonyesha uvimbe mdogo kwenye kongosho, unaomwaga insulini, ile inayoshusha sukari, hata tumbo likiwa tupu. Saratani ya aina adimu sana! Walimpasua, wakautoa. Wanasema umeshikwa mapema, ila bado anarudi kuchunguzwa.

Mwili umepona. Lakini ubongo wake ulikaa bila sukari muda mrefu mno siku ile. Mashine hawezi tena. Akienda dukani hapo chini anapotea, majirani wanamrudisha wakimshika mkono. Hilo ni langu, si la saratani.

Ndugu zangu, mtu wenu akichanganyikiwa kwa njaa na akila anatulia, mpelekeni apimwe sukari siku hiyo hiyo! Maombi ombeni, lakini ombeni mkiwa kwenye benchi la hospitali.

Juzi nilimpigia magoti nikamwomba msamaha, nikilia. Akaniinua, akanifuta machozi kwa kiganja chake, akaniuliza ni nani aliyenikosea.