Nilimtangazia jirani karuho, kumbe sumu niliitwanga mwenyewe

Wakuu, nawasalimu kwa heshima.

Mimi ni binti ya Mugisho na Nsimire, nilizaliwa Bunyakiri. Sikusoma, mimi nasema, mjukuu wangu anaandika. Nitakayosema yananiaibisha, kwa hiyo msitafute chumvi ndani yake.

Mume wangu alianza kukonda, tumbo likajaa, macho yakawa manjano.

Hapa mtaani kwetu Cimpunda ugonjwa wa namna hiyo una jina tayari: karuho, sumu ya kutegewa. Nami nilikuwa na mtu tayari: jirani yangu anayeuza kasiksi, pombe ya ndizi aliyoipenda mume wangu.

Nikatangaza kuwa ni yeye.

Kwenye misa, wakati wa kupeana amani, alininyoshea mkono. Nikauacha hewani. Wateja wake wakamkimbia.

Hospitalini nikamwuliza docteur kwa sauti, watu wasikie: ni sumu ao si sumu?

"Sumu iko, maman," akasema. "Lakini hakuna mutu alimutegea. Karanga munaweka wapi?"

Wakuu, karanga nzuri nilikuwa nauza. Zilizoota ukungu nilizikaanga, nikazitwanga, nikazitia kwenye sombe, majani ya muhogo tunayopika nyumbani. Mtoto aliyezitupa nilimchapa.

Docteur alieleza, mjukuu akanirudilia polepole. Ukungu ule hutoa sumu ambayo moto wa jikoni hauimalizi. Ini hujaribu kuivunja, na katika kuivunja huigeuza kuwa kali zaidi. Hiyo iliyogeuka hunata kwenye DNA, yaani maagizo yaliyomo ndani ya kila seli ya ini. Seli ikizaa nyingine, hunakili maagizo yaliyoharibika. Kosa likiangukia agizo linalosema "sasa acha kuzaana", seli haitii tena. Kansa ya ini, kama ya mume wangu, huanzia hapo.

Hakuapa kwamba ni karanga peke yake. Mimi sikuhitaji kiapo.

Nilikwenda kwa jirani nikapiga magoti mlangoni. Akaniuliza: "Na wewe, mama, ulikuwa unazikula?"

Nilikwenda kuomba msamaha. Yeye akaogopea ini langu.

Mlio na karanga zenye ukungu, zitupeni, hata kuku msiwape. Mwenye la kunikemea aandike, nitasomewa yote.

Na wewe mjukuu, jina la jirani usiliweke, nimelichafua vya kutosha. Habari za ini unaweza kuzifupisha. Pale nilipouacha mkono wake hewani, usifute hata neno.